Namna ya Kumvua Babu Ukapteni Bila Kuvunja Ukoo

Nenda kwenye matanga yoyote hapa Ekero, upande wa Mumias, keti chini ya hema mbali kidogo na spika, usubiri wasifu wa marehemu usomwe. Msomaji atamtaja baba wa marehemu, kisha babu, na akifika kwa babu utasikia sauti ikipanda: babu alikuwa kapteni wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Hutasikia kwamba babu alikuwa mpishi wa jeshi, wala mchunga nyumbu, wala mbeba machela. Nimeketi chini ya hema hizo tangu nikiwa wa kupakatwa, na makapteni niliowasikia wanatosha kuongoza vita vitatu. Babu yangu mwenyewe ni mmoja wao. Alipandishwa cheo akiwa kaburini, na waliompandisha ni sisi wajukuu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayempenda mzee wake kiasi cha kutaka kumjua. Kila hatua nimeipitia kwa miguu yangu, kwa nauli yangu na kwa kilo kadhaa za sukari, na sasa nitaeleza sukari ilikwenda wapi.

Usianze na wanaume. Wanaume wa ukoo wana hadithi moja, wameisimulia mpaka imenyooka, na kila mmoja anakupa ileile. Anza na senje, dada ya baba, hasa yule aliyebaki nyuma ya wenzake wote na ambaye watu hawamwendei ila Krismasi au Idi. Nunua sukari kilo mbili, majani ya chai na mkate. Panda boda pale steji, ushuke mita mia moja kabla ya boma ili uingie kwa miguu kama mtoto wa nyumbani. Daftari lisitoke mfukoni. Msalimie, ulizia magoti yake, ulizia ng'ombe, unywe chai kikombe kizima. Na ukiuliza, usiulize kuhusu vita. Mimi niliuliza hivi (kwetu kuka ni babu, kukhu ni bibi):

"Senje, kuka alipokuwa jeshini, hili shamba lilikuwa linalimwa na nani?"

"Lilimwe na nani zaidi ya kukhu wako?" alisema, akaniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. "Alilima na jembe moja. Mtama, wimbi, viazi. Mimi mgongoni, baba yako mkubwa yule marehemu anafukuza ndege."

Hapo ndipo historia ya ukoo ilipoanza kwangu. Kwa swali moja la shamba nikapata watoto waliokuwa wamezaliwa, nikapata kwamba barua zilikuja zimeandikwa kwa Kiswahili na mkono wa mtu mwingine, na kwamba kukhu alizipeleka kwa mwalimu zikasomwe kwa sauti mbele ya wake wengine wa askari, kila mmoja akisubiri jina lake. Mwanamume wa ukoo angenipa bunduki. Senje alinipa miaka.

Kisha akaniletea kopo.

Karibu kila nyumba ya askari ina kopo. Letu ni la Blue Band, la zamani, limeshika kutu kwenye mdomo. Ndani mlikuwa na kifungo cha shaba, karatasi iliyoliwa na mchwa ikabaki mikunjo tu, na nyota ya shaba iliyoning'inia kwenye utepe. Ukifikishiwa kopo kama hilo, tafadhali usiisugue medali kwa jivu wala kwa mchanga. Najua mkono unawasha. Uache. Geuza utepe uangalie upande wa nyuma, pale ulipokunjwa, kwa sababu jua halikufika pale na rangi ya kweli imejificha humo.

Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba kuka alipigana Bama, akapambana na Wajapani msituni. Nyota ya Bama ina utepe wa buluu iliyokolea, mstari mwekundu katikati, na mistari myembamba ya rangi ya chungwa pande zote mbili. Nilipofunua mkunjo wa utepe wetu nikakuta rangi ya mchanga mkavu, katikati nyekundu pana, upande mmoja buluu nzito na upande wa pili buluu ya anga. Hiyo ni Nyota ya Afrika. Mchanga ni jangwa, nyekundu ni jeshi la nchi kavu, buluu nzito ni wanamaji na buluu nyepesi ni wa ndege. Askari aliyefika Bama angepewa na nyota ya pili, na senje aliapa kwamba ndani ya kopo haijawahi kuwamo nyingine.

Basi kuka alikwenda Uhabeshi. Nilikaa na nyota ile kiganjani nikaona huruma, maana kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumemnyang'anya safari yake tukampa ya mtu mwingine, wakati safari yake ilikuwa kubwa ya kutosha. Vikosi vilivyoondoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham viliingia Mogadishu tarehe 25 Februari 1941, vikafika Addis Ababa tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, na Waitaliano wa mwisho wakasalimu amri Gondar mwezi Novemba. Kijana wa bonde la Nzoia, aliyezoea mvua ya kila alasiri, alitembezwa katika nchi ambayo maji yanagawiwa kwa kipimo. Mwaka 1942 wenzao wengine walivushwa bahari hadi Bukini kupigana na Wafaransa wa Vichy, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapambana na Wajapani na malaria katika bonde la Kabaw kule Bama. Safari ya mzee wako ni ipi kati ya hizo, uulize utepe.

Usitafute jina pembeni mwa medali za vita vile. Medali za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na namba ya mwenyewe ukingoni, lakini nyota za Vita vya Pili Waingereza walizigawa bila majina. Ukikuta jina ukingoni, basi una kitu cha baba wa babu, na kazi yako imerudi nyuma kizazi kizima.

Sasa tufike kwenye cheo, maana hapa ndipo watu hununiana. Hapakuwa na kapteni Mwafrika katika Keya wakati wa Vita vya Pili. Maofisa walikuwa Wazungu. Mwafrika alipanda kutoka askari wa kawaida hadi koplo, sajini, na wachache sana wakafika kuwa wasaidizi wa ofisa wanaoongoza platuni. Cheo cha effendi kilianzishwa upya baadaye, katika miaka ya 1950, ili kuwaweka Waafrika mahali fulani kati ya sajini na ofisa. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na mwaka 1961 ndipo akafanywa luteni, akiwa miongoni mwa Waganda wa kwanza kabisa kufika hapo. Mzee wa Ekero aliyerudi kutoka Uhabeshi mwaka 1945 hakuwa kapteni, hata kama alistahili kuwa mkuu wa majeshi. Lisemeni hilo kwa sauti ya kawaida mkiwa mnakula. Ukoo hautavunjika. Kitakachovunjika ni uongo ambao hatukuubuni peke yetu: tulimpandisha cheo mzee kwa sababu waliompeleka vitani walikataa kumpandisha.

Neno effendi lenyewe ni jamaa yetu. Unapomwita polisi wa kizuizi cha barabarani "afande", unatamka neno la Kituruki lililopitia jeshi la Misri, likapanda mto Naili na askari wa Kisudani, likaingia Uganda mwaka 1891 pale ofisa Mwingereza Lugard alipowachukua askari wa Emin Pasha waliokuwa chini ya Selim Bey. Shaushi na ombasha yalikuja kwa njia hiyohiyo. Askari hao ndio waliowekwa katika vituo vya serikali njiani, na Mumias ilikuwa kituo kimojawapo. Ukiwa na babu wa babu aliyeitwa Effendi, jihadhari kabla ya kulichukua kuwa jina la ukoo. Huenda ni cheo kilichosahau kuvuliwa. Wengi wa askari hao hawakurudi kwao tena. Wakawa Wanubi wa Kenya, wakapewa pa kukaa bila karatasi, na wale wa Kibera walisubiri hati ya ekari 288 mpaka mwaka 2017.

Nyaraka. Hapa nitakwenda haraka kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kukaa kitini. Panda basi uende Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa benki. Usiombe majalada ya Kakamega peke yake. Makao ya wilaya yalihama kutoka Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920, na wilaya yenyewe iliitwa North Kavirondo, kisha North Nyanza, kwa hiyo majalada mengi yameandikwa DC/NN. Na kama mzee wako alikuwa hapa kabla ya tarehe 1 Aprili 1902, hakuwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya hata kidogo. Mumias ilikuwa Uganda. Siku hiyo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa pili kwa kalamu, na barua za miaka ya nyuma zikabaki Entebbe. Siku hizi zimehifadhiwa Kampala. Nauli ya Kampala itie kwenye bajeti.

Ukiandika jina la kutafuta, liandike namna nne au tano. Karani Mwingereza alisikia alichosikia. L iligeuka R, kh ikawa k au h, na kabila la kila mtu kuanzia Mlima Elgon hadi ziwani likawa Kavirondo. Mwanga, Mbukusu, Mluo, wote Kavirondo. Usikasirike mpaka ukarudisha jalada. Tumia pia majina ya watoto wenyewe: anayeitwa Barasa huenda alizaliwa siku ya baraza la chifu, na Keya lilikuwa jina la mtoto kabla halijawa sifa ya babu. Nzige walivamia mwaka 1931, dhahabu ya Kakamega ikapatikana wakati huohuo. Mzee akikuambia alioa mwaka wa nzige, amekupa tarehe nzuri kuliko ile iliyo kwenye kitambulisho.

Kuna babu mmoja hutamkuta kwenye jalada lolote, na huyu nataka tumkalie kidogo.

Ikiwa nyumbani kwenu wanasema mzee fulani "alikwenda na Wajerumani" au "alikwenda Kariakoo akapotea", usimvalishe sare ya Keya. Mwaka 1917 serikali ilimpa John Ainsworth kazi ya kukusanya wanaume kwa maelfu, wilaya kwa wilaya, wakabebe mizigo ya jeshi lililokuwa likimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Machifu walipewa idadi ya vichwa vya kutoa. Vijana walifungwa namba shingoni, wakabebeshwa chakula cha askari na risasi za askari, wakalishwa unga ambao matumbo yao hayakuujua, wakafa zaidi kwa kuhara damu na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutoka kwa jina la Kiingereza la kikosi chao cha wabebaji. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na pengine hata 350,000, hawakuandikwa jina popote au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika wa mashariki na Wamisri.

Kwa huyu, hatua ni hii. Chukua daftari la ukoo, mpe mstari wake mwenyewe, na uandike unachokijua: mtoto wa nani, ndugu wa nani, alichukuliwa akiwa na mke au bila mke. Mahali pa kifo pabaki wazi. Usipake wino hapo kwa kubahatisha. Na kama habari yako ni ya Vita vya Pili na mzee alipotelea baharini, nenda Nairobi, barabara ya Ngong, kwenye makaburi ya vita. Mnara wa pale una majina ya waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Peleka kidole juu ya majina polepole. Nimemwona mama mmoja akifanya hivyo, viatu amevua, na hakuna aliyemwambia avue.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka, na mimi niliiruka mara mbili. Uliza mzee wako alimpiga nani.

Sisi wa upande wa Mumias tumezoea kusimulia historia kutoka kwenye kiti cha mwenyeji. Nabongo Mumia aliupokea utawala kwa baba yake Shiundu mwaka 1882, akapokea misafara ya Waswahili, akampokea Joseph Thomson mwaka uliofuata, akawapokea Waingereza. Ofisa wao Hobley alifika mwaka 1895 kusimamia kituo. Mwaka huohuo ukapelekwa msafara wa vita dhidi ya Wabukusu, na ndani yake walikuwamo Wasudani, Waganda na watu wetu Wawanga. Ngome za Lumboka na Chetambe zilivunjwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Baada ya hapo ndugu na watu wa Mumia wakatumwa kuwa machifu juu ya jirani. Murunga alikuwa chifu juu ya Wabukusu kwa miaka mingi. Ukiwa na babu wa babu "aliyekwenda na bunduki za serikali" mwaka 1895, unajua sasa alikwenda wapi.

Huko Marekani watu wanatafuta mababu kwa bidii kubwa. Kuna chama cha wanawake kilichoundwa mwaka 1890, Daughters of the American Revolution, na huingii mpaka uthibitishe kila kizazi kati yako na mtu aliyesaidia vita vya uhuru wao. Wengine wanarudi nyuma zaidi, wanafurahi kumpata kapteni wa mgambo wa karne ya 17 aliyepewa ardhi New England. Makapteni wawili wa namna hiyo, John Mason na John Underhill, walikizingira kijiji cha Wapequot kule Mystic tarehe 26 Mei 1637 wakakitia moto pamoja na wanawake na watoto waliokuwamo. Mjukuu akishika hati ya ardhi ya kapteni wa siku zile, ameshika pia karatasi ya ardhi ambayo wengine waliipoteza. Sisi hatuna hati kama hizo, tuna ng'ombe. Na ng'ombe wale walizaa, wakalipa mahari, na mahari ikatuzaa sisi.

Kwa hiyo ukienda kuposa Webuye au Bungoma, nenda unajua. Shemeji mmoja wa Kibukusu aliwahi kuniuliza kwa upole, nyama ikiwa mezani, kama sisi bado tunayo ile ngozi ya fahali wao. Nilicheka nikadhani ni utani wa mashemeji. Usiku akanionyesha, kwa kidole gizani, upande ulipo mlima wa Chetambe, akanitajia kwa majina watu wa nyumba yao waliobaki ndani ya ngome. Alikuwa na majina saba. Mimi nilikuwa na jina la aliyeshinda tu. Nimeyaandika yale saba kwenye daftari letu, ukurasa mmoja na wa kwetu, na ninakushauri ukiwa na shemeji kama huyo usimwache alale kabla hajamaliza.

Mwisho, rudisha kopo. Kilichotoka kwa senje kirudi kwa senje, na sukari tena, kwa sababu ile ya kwanza imekwisha. Nilimwambia habari zote: kwamba ni Uhabeshi, si Bama, kwamba kwa hesabu ya barua na miaka aliyokaa kuka alikuwa koplo, kwamba kapteni hakuwahi kuwako. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

"Kapteni wa jeshi?" alisema. "Nani alisema wa jeshi?"

Nikamwambia sote tunasema hivyo. Hata kwenye matanga ya baba ilisomwa.

"Nyie watoto," alisema, akaweka kikombe chini. "Aliporudi hakuweza kulala. Alfajiri anatuamsha watoto wote wa boma, na wa jirani, tukateke maji Nzoia. Anatupanga mstari, wadogo mbele. Kila mtu na mtungi wake, wengine na kibuyu. 'Kulia geuka! Mbele tembea!' Kwa Kiswahili hivyohivyo, na sisi Kiswahili hatukijui. Mama zetu wanasimama mlangoni wanacheka. Ndio wao waliosema, haya, huyo anakuja Kapteni na jeshi lake."

Akanyoosha mkono akaonyesha njia, ile inayoteremka katikati ya miwa.

"Mimi nilikuwa wa mbele kabisa," alisema. "Nilikuwa mdogo kuliko wote."